Utalii wa Matajiri Kwenye Vilindi vya Bahari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza

Tangu chombo cha kuzamia kiitwacho Titan kipondwe na maji ya Atlantiki mwezi Juni 2023 na kuua watu wote watano waliokuwa ndani, maswali kuhusu matajiri wanaolipa fedha nyingi ili washushwe chini ya bahari hayajakoma hapa kwetu. Huulizwa na waongoza watalii wanaopokea wageni wa Serengeti na Rubondo, huulizwa na wanafunzi wa vyuo vya utalii, na huulizwa pia mwaloni Kirumba na watu ambao riziki yao iko majini kila siku, wanaoshangaa kwamba yupo mtu anayelipia hatari ambayo wao wangelipa kuiepuka. Majibu haya yameandikwa kwa kumkumbuka msomaji wa kando ya ziwa.

Utalii huu ni upi hasa, na bei zake zikoje?

Una madaraja. La chini kabisa ni nyambizi za kitalii zinazobeba makumi ya abiria hadi mita 30 hivi kuwaonyesha matumbawe na samaki. Nauli yake mtalii wa kawaida huimudu. Daraja linalofuata ni vyombo vidogo vyenye kuta za akriliki, yaani plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, ambavyo wenye boti za kifahari huvinunua au kuvikodi, na ambavyo vingine vimeidhinishwa kufika mita 1,000. Juu yake ndipo ilipokuwa safari ya mabaki ya meli ya Titanic, yaliyolala takriban mita 3,800 chini ya Atlantiki ya Kaskazini. Kiti kimoja ndani ya Titan kiliuzwa dola 250,000, yaani karibu shilingi milioni 600 kwa ubadilishaji wa wakati ule. Kilele cha biashara hii ni Challenger Deep, shimo la karibu mita 10,900 katika Bahari ya Pasifiki, ambako mwaka 2020 nafasi ilitangazwa kwa dola 750,000.

Chombo kama Titan kina tofauti gani na nyambizi ya kijeshi?

Nyambizi hutoka bandarini kwa nguvu zake na kurudi yenyewe. Chombo cha kuzamia hubebwa au kuvutwa na meli hadi mahali pa kushukia, hushuka, hupanda, kisha meli hukipokea, kwa hiyo usalama wake unategemea pia meli iliyo juu na mawasiliano kati ya viwili hivyo.

Kwa nini mtu aliyejaliwa kila kitu aende kujitia huko?

Wengi hujibu kwamba ni majivuno, na majivuno yamo, lakini anayeishia hapo hajajibu. Kwanza, huko chini kuna mambo ya kuonwa. Zaidi ya mita 200 mwanga wa jua hautoshi tena mimea kujitengenezea chakula, na zaidi ya mita 1,000 haupo kabisa. Katika giza hilo viumbe wengi hujitolea mwanga wao wenyewe, na walioshuka husimulia cheche za buluu zikipita dirishani. Pili, waliofika ni wachache. Mlima Kilimanjaro hupandwa na makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, na Everest imekwisha kukanyagwa na maelfu, ilhali waliofika sakafu ya Challenger Deep ni makumi tu. Mtu ambaye fedha zake zinaweza kununua karibu kila kitu huvutwa na kile ambacho bado hakijazoeleka.

Abiria wa Titan wenyewe hawakuwa wa aina moja. Hamish Harding, mfanyabiashara Mwingereza, alikuwa amefika Challenger Deep mwaka 2021 na kurushwa angani mwaka 2022. Huyo alizitafuta safari za mwisho wa dunia moja baada ya nyingine. Paul-Henri Nargeolet, Mfaransa aliyekuwa mwanajeshi wa majini, alikuwa ameshuka kwenye Titanic mara 37 kabla ya safari hiyo, na ni vigumu kumwita mtalii. Shahzada Dawood alifuatana na mwanawe Suleman, kijana wa miaka 19. Wa tano alikuwa Stockton Rush, mwenye kampuni, aliyekiongoza chombo yeye mwenyewe. Ukimtoa huyo wa mwisho, inaonekana wazi kwamba udadisi, mapenzi ya bahari na mapenzi ya baba kwa mwana vinaweza kuketi ndani ya chombo kimoja pamoja na majivuno, na mwandishi wa majibu haya haoni sababu ya kuwacheka.

Ni nini kinachoua huko chini?

Giza na baridi ni taabu tu. Kinachoua ni uzito wa maji. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria, ambalo kina chake kikubwa ni takriban mita 80, humkandamiza mtu aliye chini kabisa kwa karibu kilo 8 kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye mabaki ya Titanic kiasi hicho hukaribia kilo 400, na sentimita ya mraba ni eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba. Ukuta ukishindwa hapo, kila kitu huisha kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla ubongo haujapata muda wa kuhisi maumivu. Hilo ndilo jibu kwa wanaouliza kama abiria wa Titan waliteseka wakati wa kufa.

Hatari nyingine huja polepole: hewa chafu ya kabonidayoksaidi ikishindwa kusafishwa, moto ndani ya nafasi finyu, au chombo kunasa kwenye nyavu na vyuma vya mabaki.

Titan ilishindwa kwa sababu ya kina, au kwa sababu nyingine?

Kina kilikuwa kinajulikana. Mwaka 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walifika chini ya Challenger Deep, karibu mara tatu ya kina cha Titanic, wakarudi wazima. Tangu zamani wajenzi wa vyombo vya kina kirefu wamekuwa wakiwaketisha watu ndani ya tufe la chuma au la metali ya titani, kwa sababu tufe hugawanya mgandamizo sawasawa pande zote. Ubaya wa tufe ni kwamba lina nafasi ya watu wawili au watatu, na biashara ya kuuza viti huhitaji zaidi ya hao.

Kampuni ya OceanGate, iliyomiliki Titan na iliyokuwa na makao katika jimbo la Washington nchini Marekani, ilitengeneza bomba la nyuzi za kaboni lenye ukuta wa karibu sentimita 13, likazibwa kila upande kwa kofia ya titani, ili watu watano wakae. Nyuzi za kaboni ni imara sana zinapovutwa. Zinapokandamizwa tabia yake haitabiriki vivyo hivyo, na tabaka zake zinaweza kuachana kidogo kidogo bila jicho kuona, hivi kwamba kila safari huacha madhara yake na safari inayofuata huyaongeza. Mwaka 2018 David Lochridge, mkurugenzi wa shughuli za baharini wa kampuni hiyo, aliandika kuhusu kasoro hizo akafukuzwa kazi. Mwaka huohuo wataalamu zaidi ya 30 wa vyombo vya kuzamia walimwandikia mwenye kampuni kumwonya kuhusu njia aliyoichagua. Bomba la kwanza lilipata ufa, likatengenezwa jingine, na kuanzia 2021 abiria wakaanza kufikishwa kwenye Titanic. Mwezi Julai 2022, chombo kikipanda, walio ndani walisikia mshindo mkubwa, na vipimo vilivyokuwa ukutani vikaonyesha mabadiliko baada yake. Safari ziliendelea. Kipindi cha baridi kali kilichofuata, chombo kiliachwa nje, penye barafu, huko St. John's nchini Canada.

Asubuhi ya tarehe 18 Juni 2023, chini ya saa mbili baada ya kuanza kushuka, mawasiliano yalikatika. Ripoti ya uchunguzi ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, iliyotoka Agosti 2025, ilisema ajali hiyo ingeweza kuzuiliwa, na ililaumu usanifu, matengenezo, ukaguzi na hali ya kazini ambamo waliotoa maonyo walitishwa.

Kwa maneno mengine, abiria hao waliuawa na chombo ambacho hakuna mkaguzi wa nje aliyeruhusiwa kukipitisha au kukikataa. Zipo taasisi za kuainisha meli, kama DNV na ABS, ambazo hufuatilia ujenzi tangu mchoro hadi majaribio. Rush alikataa njia hiyo hadharani kwa hoja kwamba kanuni huchelewesha ubunifu. Titan haikuwa imesajiliwa katika nchi yoyote, na safari ilifanyika katika bahari kuu, nje ya mipaka ya nchi yoyote, ambako hakuna askari wa kumsimamisha mtu gatini na kumwomba cheti.

Lakini si chombo hicho kilikuwa kimefika Titanic mara kadhaa salama?

Kilifika, na ndiyo hoja iliyotumiwa kuwatuliza waliokuwa na mashaka. Wakazi wa visiwa vya Ukerewe wanaijua hoja hiyo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara. Watu 228 walikufa na 41 waliokolewa, katika kivuko kilichotengenezwa kubeba abiria 101. Kivuko kilichozoea kujaza kupita kiasi huwa kimefika salama siku zote isipokuwa moja. Chombo kinachochoka au kinachozidiwa hakiwekewi tarehe ya kushindwa, na kufika salama jana hakuthibitishi chochote kuhusu ukuta wake leo, wala kuhusu mizani yake.

Hapo mfanano unakoma. Mwananchi wa Ukara aliyekuwa akirudi kutoka gulioni hakuwa na kivuko kingine cha kuchagua. Abiria wa Titan alikuwa na uwezo wa kubaki nyumbani, wa kuajiri mhandisi wa kumsomea michoro, na hata wa kusubiri chombo chenye cheti. Ndiyo maana mwandishi wa ukurasa huu, ambaye hana kijicho na fedha za mtu, anaona kwamba lawama ya ajali hizi mbili haiwezi kupimwa kwa kipimo kimoja.

Abiria hawakuambiwa kwamba wanaweza kufa?

Waliambiwa kwa maandishi. Hati waliyotia saini ilitaja kifo mara tatu katika ukurasa wa kwanza, na haikuficha kwamba chombo ni cha majaribio. Tena hawakuitwa abiria. Waliitwa wataalamu wa msafara, jina ambalo liliisaidia kampuni kukwepa kanuni za kubeba abiria wanaolipa nauli. Kutia saini chini ya neno kifo si sawa na kuelezwa kwamba mwaka uliopita ukuta ulitoa mshindo. Tajiri aliyezoea mikataba huliona neno hilo katika kila fomu, iwe ya kuruka kwa parachuti au ya kupanda mlima, kiasi kwamba limekwisha kupoteza makali kwake.

Kwa hiyo kila safari ya kina kirefu ni ya kujiua?

Hapana. Mmarekani Victor Vescovo aliagiza chombo chenye tufe la titani, Limiting Factor, kilichopewa cheti cha DNV cha kushuka hadi kina chochote cha bahari bila kikomo. Mwaka 2019 alikamilisha kufika sehemu ya chini kabisa ya kila mojawapo ya bahari kuu tano, na baadaye akawashusha wengine Challenger Deep mara nyingi, bila kupoteza mtu. Mwanaanga wa zamani Kathy Sullivan alishuka nacho mwaka 2020 na kuwa mwanamke wa kwanza kufika huko. Hata Titanic yenyewe ilikuwa ikizuriwa na watalii tangu 1998 kwa vyombo vya Kirusi vya Mir.

Kwa upande mwingine, kina kifupi hakimaanishi usalama. Tarehe 27 Machi 2025 nyambizi ya kitalii yenye watalii 45 ilizama karibu na Hurghada, kwenye Bahari ya Shamu nchini Misri, na watalii 6 wakafa. Hiyo haikuwa safari ya mabilionea.

Wangeweza kuokolewa kama chombo kingekwama tu bila kupondeka?

Matumaini yalikuwa membamba mno. Titan ilikuwa na akiba ya oksijeni ya saa 96, na mlango wake ulifungwa kwa bolti kutoka nje. Hata kama ingeibuka juu ya maji mbali na meli, waliomo wasingeweza kujifungulia. Roboti zinazoweza kufanya kazi mita 3,800 ni chache duniani, na ile iliyoyaona mabaki tarehe 22 Juni, takriban mita 500 kutoka omo ya Titanic, ilifika siku nne baada ya Titan kupotea. Uokoaji wa kina kikubwa kuliko wote uliowahi kufanikiwa kwa chombo chenye watu ndani ni ule wa Pisces III karibu na Ireland mwaka 1973, ambapo wanaume wawili walitolewa mita 480 chini wakiwa wamebakiza hewa kidogo sana. Kati ya 480 na 3,800 hakuna mfano wa kutia moyo.

Wakati wa msako zilisikika sauti za kugonga, na dunia nzima ikasubiri. Baadaye ilibainika hazikuhusiana na chombo. Wazee wa Mwanza waliosikiliza habari hiyo redioni walikuwa na sababu yao ya kunyamaza. MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia kufika Mwanza, ilielea kwanza kifudifudi, ikiwa na watu hai ndani. Walipojaribu kutoboa ubavu wake ili kuwatoa, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ilitoka, nayo ikazama. Waliokufa walizidi 800. Kwenye MV Nyerere, miaka 22 baadaye, fundi mmoja wa mitambo alitolewa hai baada ya siku mbili kwa sababu alipata mahali penye hewa. Maji ya ziwa huacha nafasi kama hiyo mara chache. Maji ya mita 3,800 hayaiachi kabisa.

Kwa nini dunia iliwatafuta watu watano hivyo, na maskini wanapozama husahaulika?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo ina msingi. Siku 4 kabla ya Titan kupotea, boti ya uvuvi iliyosheheni wahamiaji wanaokadiriwa kufikia 750 ilizama karibu na Pylos, Ugiriki. Walionusurika walikuwa 104. Vyombo vya habari vilihesabu saa za oksijeni za watu watano kwa saa zote 96, huku mamia ya wale wengine wakitajwa kwa jumla tu. Hata hivyo, wajibu wa kumtafuta aliyepotea baharini hauulizi kwanza ana kiasi gani benki, na sheria ya Marekani hairuhusu Walinzi wa Pwani kumtoza aliyeokolewa gharama za kumtafuta. Kosa halikuwa kuwatafuta hao watano. Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni kwamba kampuni zinazouza safari za namna hii ziweke dhamana ya gharama za uokoaji kabla hazijaondoka bandarini, badala ya kuuachia mfuko wa umma.

Je, ni halali kwenda kutazama mahali walipofia watu?

Karibu watu 1,500 walikufa Titanic ilipozama Aprili 1912, na wapo wanaoyaona mabaki yake kuwa kaburi. Mabaki hayo sasa yamo chini ya Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 wa kulinda urithi ulio chini ya maji, pamoja na makubaliano ya Uingereza na Marekani yaliyoanza kutumika mwaka 2019. Sheria hizo hushughulika zaidi na kuchukua vitu na kuharibu. Kutazama tu hazikukataza.

Kwa msomaji wa Mwanza lipo jaribio gumu zaidi ya sheria. Wengi wa marehemu wa MV Bukoba wamezikwa Igoma, na wengine hawakupatikana. Fikiria mwekezaji akitangaza leo safari ya kuwashusha wageni kwenye mabaki ya meli hiyo, picha na vinywaji vikiwa ndani ya bei. Karibu kila familia ya Kanda ya Ziwa yenye mtu wake mle ingekataa, na hakuna ambaye angeiona familia hiyo kuwa na wivu. Titanic ina zaidi ya miaka 100 na kizazi chake kimekwisha kupita, kwa hiyo mizani yake si ileile. Lakini nadhani mtalii anayeishukia angefaa kujiuliza kama angeridhia kitu hichohicho kifanyike penye ndugu yake.

Utalii wa namna hii unaweza kuletwa Ziwa Victoria?

Kitaalamu, ziwa si kikwazo. Nyambizi ya kwanza ya abiria duniani ilianza kazi ziwani: mwaka 1964 chombo kilichobuniwa na Jacques Piccard kilibeba takriban watu 33,000 kwenye Ziwa Geneva, Uswisi, wakati wa maonyesho ya taifa. Vyombo vya Mir navyo vilizamia Ziwa Baikal, Urusi, kati ya 2008 na 2010.

Kikwazo cha Ziwa Victoria ni kwamba hakuna kitakachoonekana. Mwani, tope la mito na taka hulifanya jicho lifike mita chache tu, na katika misimu fulani maji ya chini hukosa oksijeni, hata samaki huyakimbia. Mgeni angelipa mamilioni kutazama ukungu wa kijani ambao mvuvi wa dagaa huuona bure. Ziwa Tanganyika lina maji angavu na kina cha takriban mita 1,470, lakini chini ya tabaka la juu nalo halina oksijeni, kwa hiyo sehemu kubwa ya kina hicho haina samaki hata mmoja.

Mahali pa Tanzania penye kitu cha kweli ni Tanga. Huko wavuvi wamekuwa wakinasa silikanti, samaki wa ukoo wa kale sana aliyedhaniwa kutoweka, na mwaka 2009 ilianzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Chombo cha akriliki chenye cheti kingeweza kufika anakoishi. Ikiwa samaki huyo adimu anahitaji taa za watalii usoni ni swali la watafiti kulijibu kabla ya mwekezaji yeyote. Asiyetaka kuzama sana anacho chumba cha kulala kilicho mita 4 chini ya maji huko Pemba, kilichofunguliwa mwaka 2013.

Mgeni wangu wa Serengeti ameniomba nimuulizie safari ya kina kirefu. Niulize nini?

Uliza cheti kimetolewa na taasisi gani, kwa kina cha mita ngapi, na kinaisha lini, kisha iandikie taasisi hiyo yenyewe ili ithibitishe. Uliza chombo kimesajiliwa nchi gani. Uliza kimeshuka mara ngapi kufikia kina hichohicho, na ni nani asiyeajiriwa na kampuni aliyekikagua baada ya safari ya mwisho. Uliza mlango unafunguliwa vipi kutoka ndani, na meli ya juu ina roboti inayoweza kufika kina hicho au itasubiri ya kukodi kutoka bara jingine. Uliza pia hati ya safari inamwita mgeni wako abiria au inampa jina jingine.

Mwisho, umshauri mgeni wako aipeleke hati hiyo kwa kampuni yake ya bima ya maisha kabla ya kulipa amana, kwa kuwa huenda bima yake isilipe kifo kilichotokea ndani ya chombo cha majaribio, na majibu ya kampuni ya bima huja kwa maandishi.